Ushauri: namna ya kuwaeleza ndugu mambo ya Noeli bila kuwachosha

Mtoto wa Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu. Ukoo wetu utakutana siku ya Noeli nyumbani kwa kambo, yaani babu yetu, hapa Lubumbashi, na wazee wameniagiza niandae mambo machache ya kufurahisha kuhusu sikukuu hiyo, ya kuwachangamsha watu wakati bukari unasongwa. Ninayo mengi, ila shida ni mbili. Vijana huinamia simu mara tu mtu anapoanza kusoma karatasi. Tena watakuwapo Wakatoliki, Wamethodisti, mashemeji Wakimbangu na shangazi mmoja Mpentekoste ambaye, nikitamka tu kwamba Biblia haitaji tarehe 25 Desemba, atatuhubiria mpaka sombe ipoe. Nianze vipi, na nini nikiache?

Yaya wa Kamalondo

Mdogo wangu, karatasi ibaki mfukoni, wewe uliza maswali. Waulize mamajusi waliomtembelea Yesu walikuwa wangapi. Wote watajibu kwa sauti moja kwamba walikuwa watatu. Hapo mkabidhi shangazi huyohuyo Biblia, umwombe asome Mathayo sura ya 2. Atafuata mistari kwa kidole, atakuta dhahabu, uvumba na manemane, lakini idadi ya wageni hataiona popote. Kwa kuwa amesoma mwenyewe, hatakuwa na wa kugombana naye.

Kisha mgeukie kijana yeyote aliyewahi kupanga sanamu za pango parokiani, umuulize ni mstari gani wa Luka unaomtaja ng'ombe na punda. Atafute mpaka achoke, kwa maana haupo. Wanyama hao ni wa mapokeo ya zamani, na mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye majani makavu na kuwaleta ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho yao yale waliyozoea kuyasikia tu.

La tarehe liache. Si uongo, lakini halichekeshi.

Mwalimu Mstaafu

Yaya amesema vyema, ila naona wazee mmewaweka kando. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliiondoa Noeli katika sikukuu za taifa, kwa hiyo 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Usiwasomee wazee habari hiyo, kwa sababu wao ndio walioiishi. Muulize kambo siku hiyo alikuwa wapi, alivaa nini, ibada ilifanyika saa ngapi, halafu unyamaze. Vijana wataziacha simu wenyewe watakaposikia kwamba babu yao alikuwa kazini siku ya Noeli.

Kaka wa Ruashi

Kwa heshima zote, Mwalimu, mimi nisingemgusa Mobutu kabla ya chakula. Kwetu jina hilo likitajwa, wajomba hugawanyika pande mbili na hakuna anayekumbuka tena swali lilikuwa nini.

Afadhali uwape nafasi mashemeji. Wakimbangu huadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, siku ya kuzaliwa ya Salomon Dialungana, mwana wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa lao, na wengi wetu tunaoishi nao hatujawahi kuwauliza sababu. Usiwaelezee imani yao. Waache waieleze wenyewe, na mtu asiwakatize. Kutoka hapo nenda Ethiopia, ambako Noeli huangukia 7 Januari na kuna mchezo wa jadi wa siku hiyo, uitwao genna, ambao wachezaji hupiga mpira kwa fimbo zilizopinda. Watoto watautaka palepale uani, kwa hiyo vyombo vya kioo viondolewe mapema.

Mwalimu Mstaafu

Basi Mobutu asubiri chai. Ila asiachwe kabisa, kwa sababu watakaoweza kuyasimulia hayo wanapungua kila mwaka.

Mtoto wa Katuba

Nawashukuru sana. Nitaanza na mamajusi, nifuatishe pango, kisha mashemeji, na kambo nitamwachia chai. Limebaki moja: mtoto atakayejibu vizuri nimpe nini, ikiwa fedha hakuna?

Yaya wa Kamalondo

Mruhusu achague kipande cha kuku kabla ya wajomba. Lakini kambo aarifiwe tangu asubuhi, asije akadhani watoto wamekosa adabu.