Kaka alikatwa vidole kiwandani: tuanzie mahakamani au kwa Mkurugenzi?

Binti wa Changamwe

Ndugu zangu, nawasalimu. Kaka yangu ni kibarua katika kiwanda kimoja cha vyuma hapa Mombasa. Hulipwa kwa siku, na hajawahi kupewa mkataba wa maandishi. Mwezi uliopita mashine ya kukatia mabati ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kampuni ililipia hospitali siku ya kwanza tu, kisha msimamizi akamwambia kwamba vibarua hawamo katika bima na kwamba kosa ni lake kwa kuwa hakuvaa glavu. Jirani yetu, ambaye zamani alilipwa fidia kupitia kesi, anatuhimiza tutafute wakili tuishtaki kampuni. Mwingine anasema kesi za namna hiyo siku hizi hutupwa. Naomba mwenye ujuzi atuongoze.

Wakili wa Pwani

Pole sana, dada, na mfikishie kaka pole zangu. Jirani yenu anasema kweli kuhusu wakati wake, lakini mambo yamebadilika. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inaeleza katika kifungu cha 16 kwamba mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kudai fidia ya ajali ya kazini, bali atalipwa kwa utaratibu wa sheria hiyo peke yake. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho na vingine kadhaa vinakwenda kinyume na Katiba, na kwa sababu hiyo watu waliendelea kufungua kesi kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo Novemba 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufaa. Kesi zilizokuwa zimekwisha kufunguliwa zilibaki zikielea hadi Aprili 2023, Jaji Mkuu alipotoa mwongozo kwamba zile zilizofunguliwa kabla ya uamuzi huo wa 2019 ziendelee mpaka mwisho mahakamani, na madai yaliyozuka baadaye yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani afisa wa serikali anayesimamia fidia za kazini. Dai la kaka yako limo katika kundi hili la pili. Mkifungua kesi sasa, mtapoteza ada na, lililo baya zaidi, mtapoteza muda.

Kuhusu ukibarua, msitishike. Sheria inamtambua mfanyakazi hata kama makubaliano yake ni ya mdomo na hata kama ujira unahesabiwa kwa siku au kwa kazi iliyofanyika. Kuchukua bima ni wajibu wa mwajiri, na asipomwingiza mfanyakazi katika bima hiyo, deni linabaki lake yeye. Kuhusu glavu, mfanyakazi hunyimwa fidia pale tu ajali inapotokana na utovu wake wa makusudi, tena ikiwa ajali hiyo haikuleta ulemavu mkubwa wala kifo. Uzembe wa kawaida haufikii hapo. Mimi ningeuliza kwanza kama mashine hiyo ilikuwa na kinga, kwa sababu kuziba sehemu hatari za mashine ni wajibu wa mwajiri, na jambo hilo huwa halitajwi kabisa wakati lawama zinapogawanywa.

Afisa Usalama Mstaafu

Naongeza yale niliyoyaona katika kazi. Mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, lakini wapo wanaokaa kimya wakitumaini kwamba kibarua atarudi kwao kijijini. Kwa hiyo kaka aandike taarifa yake mwenyewe, aikabidhi kampuni na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha aende ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti pamoja na karatasi za hospitali. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kwa kuwa hana mkataba, ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake na majina ya wenzake wa zamu vitamfaa sana. Avikusanye sasa, kabla wenzake hao hawajahamia kazi nyingine.

Daktari atapima kiwango cha ulemavu kwa asilimia, na hesabu huanzia mapato ya miezi 96. Tuseme mtu anapata shilingi 20,000 kwa mwezi na ulemavu wake ni asilimia 10: miezi 96 ni shilingi 1,920,000, naye atapata 192,000. Kiasi hicho hakimtoshi mtu aliyepoteza vidole vya mkono wake wa kazi, nami nasema hivyo bila kusita. Asiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake, na akijibiwa asiridhike, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Ugumu mkubwa uko kwenye kulipwa. Mwajiri au kampuni ya bima hupewa siku 90 tangu dai kuwasilishwa, lakini sheria haikumpa Mkurugenzi njia iliyo wazi ya kumlazimisha anayekaidi. Ndiyo maana wafanyakazi hulazimika kuiomba mahakama iupokee uamuzi wa Mkurugenzi kama hukumu, na majaji hawajawa na msimamo mmoja juu ya jambo hilo. Kumwondoa mfanyakazi mahakamani kabla ya kuimarisha ofisi anayopelekwa kulikuwa kumpunguzia haki yake.

Mkazi wa Temeke

Huku Tanzania Bara mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, na Mfuko ndio unaolipa, kwa hiyo aliyeumia hamfuati bosi wake kumdai. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, sasa ni asilimia 0.5, mfanyakazi mwenyewe hachangii chochote. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo mmoja. Zanzibar ina sheria yake.

Binti wa Changamwe

Nawashukuru sana. Je, gharama za hospitali ambazo tumeshalipa wenyewe zinarudishwa? Na siku hizi ambazo hafanyi kazi?

Wakili wa Pwani

Gharama za matibabu zilizo za haki ni juu ya mwajiri, kwa hiyo tunzeni kila risiti, zikiwamo za dawa na za nauli ya kwenda kliniki. Ulemavu wa muda nao una malipo yake kwa kipindi kisichozidi miezi 12, alimradi umemzuia kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi. Mwambieni daktari aandike tarehe za mapumziko waziwazi katika cheti, kwa sababu cheti kisicho na tarehe ndicho ambacho kampuni za bima huanza nacho kukataa.