Mwenye nyumba anayempangisha mwenye gari, aonyeshe kwanza gari litalala wapi?

Mwanzisha mada, Sinza, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, nimeona bora nilitoe hapa kabla sijagombana na mtaa mzima.

Saa nane usiku presha ya mama ilipanda. Yupo kwangu tangu mwezi uliopita, alikuja kutoka Moshi kwa ajili ya kliniki. Namtoa ndani kaegemea bega la mke wangu, nafungua geti, nakuta Toyota Noah, lile gari la familia lenye siti nyingi, imelala mlangoni, ubavu umebanana na nguzo hata mtu mnene hapenyi. Kwenye kioo hakuna namba ya simu. Nikapiga honi mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Wakaja vijana wawili wa ulinzi shirikishi na mpangaji wangu wa uani, tukashika bampa ya nyuma tuisogeze kama tunavyosogezaga kagari kadogo ka IST. Noah si IST. Alamu ikaanza kulia, sisi tunahema, gari halijasogea hata kidole. Mama akaondoka na bajaji, mguu mmoja ndala yangu, mguu wa pili ndala ya mke wangu. Alhamdulillahi, alirudi salama.

Mwenye gari alitokea saa mbili asubuhi, mswaki mdomoni. "Braza, si ungenigongea tu?" Nikugongee wapi? Kumbe ni mgeni wa mpangaji wa nyumba ya nne kutoka kwangu, nyumba yenye vyumba sita, magari manne na uwanja wa kuegesha gari sifuri.

Nimejaribu kulitafakari bila hasira. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Walengwa walikuwa watu wa kipato cha chini. Aliyekuwa na gari enzi hizo alijulikana kata nzima. Leo barabara ni ileile, ila kila mwenye kazi ya kueleweka ana kagari.

Na magari yenyewe tunayatoa Japani. Kule, kwa sheria ya mwaka 1962, mtu hasajili gari la kawaida mpaka polisi wampe cheti kwamba ana pa kulilaza, tena pawe ndani ya kilomita 2 kutoka anapoishi. Ile stika ya duara yenye maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha nyuma, ambayo wengi hatujaibandua tukidhani ni urembo, ndiyo ilikuwa alama kwamba gari hilo lina kwao. Yaani limetoka kwenye nchi lilikokuwa na kitanda chake, limefika hapa linalala getini kwangu.

Hoja yangu basi: mwenye nyumba anayempangisha mtu mwenye gari aonyeshe kwanza litalala wapi, iandikwe kwenye mkataba, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe na nakala. Kama hana pa kuliweka, ampangishe asiye na gari. Nipo tayari kupingwa.

Mpangaji, Tabata

Pole na mama, mkuu. Lakini nakupinga mapema kabla wenye nyumba hawajakushangilia.

Mimi nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu. Dalali aliniambia pakingi ipo, tena ya kumwaga. Nahamia Jumamosi, namuuliza iko wapi, akanionyesha barabara kwa mkono wote, kama anayenikabidhi shamba la urithi. Ningemrudishia nani funguo? Hela imeshaliwa.

Ukipitisha hiyo sheria yako, mwenye nyumba ataongeza kodi, dalali ataongeza uongo, na mimi nitaficha gari kwa shemeji mpaka nikishahamia. Anayeumia ni yuleyule. Kosa alilokufanyia wa Noah ni kuziba geti, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuacha gari mahali linapozuia wengine. Kuziba geti ni kuziba geti. Kupaki kando ya ukuta wa mtu ni jambo lingine kabisa, wala ukuta haulalamiki. Anayelalamika ni mwenye ukuta, kwa sababu anaamini na barabara ni yake.

Dereva wa Coaster, Mbagala

Nyie mnabishania IST. Mimi narudi saa tano usiku na Coaster nzima na konda amelala siti ya nyuma. Bosi hana yadi. Kulaza gari sheli, kwenye kituo cha mafuta, ni elfu mbili kila usiku, na hiyo haimo kwenye hesabu ya bosi, inatoka kwangu. Nikiipaki mtaani, asubuhi naitwa jina baya. Nikiilaza kituoni, nakuta betri haipo. Nimeshanunua betri mbili mwaka huu.

Kwenye huo mkataba wako mimi naingia wapi? Mwenye gari si mpangaji, mpangaji hana gari, na gari lipo.

Mwenye nyumba, mstaafu, Kijitonyama

Wanangu, mimi nimesoma hapo juu nikacheka peke yangu. Nyumba hii nimeijenga kwa mshahara wa ualimu, tofali kwa tofali, na wakati huo mtaa mzima ulikuwa na Peugeot moja, ya bwana mmoja wa bandarini. Watoto walikuwa wanachezea kombolela barabarani mpaka adhana ya magharibi. Nani angeniambia niache nafasi ya magari manne?

Mafao yamekuja madogo. Pale mbele palipokuwa na mwembe nimejenga fremu tatu za biashara: ya mangi mwenye duka, ya kuuza vifaa vya simu na ya mshona nguo. Ndizo zinazonilisha. Sasa mnataka nivunje fremu ili mpangaji wa laki moja na nusu alaze gari lenye thamani kuliko chumba chake? Mwenye uwezo wa kununua gari ana uwezo wa kulitafutia pa kulala. Wajukuu zangu, mimi gari silijui, ila hesabu naijua.

Mkazi wa Buruburu, Nairobi

Hii mambo hata huku iko. Sisi tunaishi kwa korti, nyumba zimezunguka uwanja mmoja. Tulichanga tukaweka geti na soja, kila nyumba ikapewa nafasi moja, gari la pili liko juu yako. Mgeni anaacha gari nje ya geti, na hakuna kulia. Kwa miaka kadhaa kukawa na amani.

Kisha watu wakaanza kujenga eksitensheni. Mwenye nyumba anajenga ghorofa mbele ya nyumba, anaweka wapangaji wanne, na bado anadai nafasi yake ileile moja, halafu wapangaji wanapaki usiku usiku kwa nafasi ya jirani. Kwa hivyo namuunga mkono mleta mada, lakini nusu. Usihesabu magari ya mpangaji. Hesabu vyumba ambavyo mwenye nyumba ameongeza.

Niko Boston

Mwaka wa tisa sasa niko Marekani, na msidhani huku watu wamestaarabika. Theluji ikianguka, mtu anachimba saa nzima kulitoa gari lake, na akiondoka anaweka kiti cha plastiki pale alipochimba. Maana yake: hapa ni pangu. Jiji la Boston linavumilia hivyo viti kwa saa 48 baada ya dharura ya theluji kutangazwa kwisha, kisha vinazolewa kama taka. Kuna mtaa mmoja, South End, ambako haviruhusiwi kabisa. Ukisogeza kiti cha mtu ndani ya hizo saa 48 ukapaki, usishangae kukuta kioo kimepasuliwa.

Nilichojifunza: watu wanaheshimu kiti kwa sababu wanajua mwenye kiti ametoa jasho. Huko kwetu mtu anaweka tofali mbele ya ukuta miaka kumi bila kutoa jasho lolote.

Aliyewahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa

Nimekaa kwenye ile ofisi muhula mmoja. Kesi za maji machafu na za kuku zilipungua, za magari ndizo zilizojaza benchi.

Nitawapa moja. Mzee fulani alijaza zege kwenye ndoo za rangi, akachomeka nondo katikati, akazipanga mbele ya ukuta wake wote, ndoo saba. Usiku kijana wa bodaboda akazivaa. Asubuhi kijana kaja ofisini na bandeji, mzee kaja na hati ya kiwanja ndani ya bahasha ya kaki. Anaigonga meza: "Hapa ni pangu kisheria." Sawa mzee, twende tukaangalie bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja. Tukachimba kidogo kwa jembe, bikoni tukaikuta. Ipo ndani ya uzio wake, hatua mbili kutoka ukutani. Maana yake ukuta wenyewe ulishaingia barabarani, na ndoo zikaufuata. Mzee alikaa kimya, akaomba maji ya kunywa.

Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na Sheria ya Barabara ya 2007 haimpi mtu ruhusa ya kujiwekea vizuizi kwenye hifadhi ya barabara kwa sababu tu inapita mbele ya dirisha lake. Kwa upande wa pili, wale wanaochana matairi usiku wajue hilo ni kuharibu mali ya mtu, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, na hapo hamuishii kwa mwenyekiti tena, mnaanzia polisi.

Kuhusu mkataba wa mleta mada: ofisi ya mtaa ina kabati moja na kitasa chake kimekufa. Hizo nakala zitahifadhiwa wapi?

Kilichofanya kazi kwetu kilikuwa kidogo tu. Tulikaa kikao, tukakubaliana magari yote yapaki upande mmoja wa barabara, upande wa nguzo za umeme, na kila gari liwe na namba ya simu inayosomeka kwenye dashibodi. Hoja iliyowashinda wabishi haikuwa sheria. Tulimuuliza kila mmoja: ukipiga 114 nyumba yako inaungua, gari la zimamoto linapita hapa? Tukatembea barabara nzima na kamba ya mshona nguo tukipima mapengo. Watu walisogeza magari wakati tunapima.

Msomaji, Kinondoni

Mleta mada, swali dogo tu. Hiyo nyumba yako ya Sinza ina fremu ngapi?

Mwanzisha mada

Nilijua litafika.

Mbili, na saluni. Zimekaa palepale lilipokuwa banda la gari wakati nanunua nyumba. Gari la mke wangu linalala ndani. Langu linalala nje, ubavuni mwa ukuta wa jirani wa kulia, tangu 2019. Sijawahi kumuomba. Hajawahi kulalamika, au alilalamika sikusikia. Leo baada ya kusoma ya yule mstaafu wa Kijitonyama na ya mjumbe, nimeenda kumgongea. Mzee wa watu akanikaribisha kahawa, akaniambia pale ninapopaki ndipo mwanawe alipokuwa akiacha gari kabla hajahamia Dodoma, na akija Pasaka huwa anaacha kule makaburini anatembea kwa miguu. Miaka yote hiyo. Nikakosa pa kuweka kikombe.

Kwa hiyo hoja yangu naipunguza, siifuti. Aliyeongeza chumba au fremu juu ya nafasi ya gari ndiye aulizwe kwanza, nikiwemo. Mpangaji wa Tabata, kwenye geti na ukuta nimekuelewa, ila usiniambie ukuta haulalamiki, nimetoka kuusikia. Coaster bado sina jibu lako. Upande mmoja na namba ya simu nimelichukua, nimeshaongea na mwenyekiti, kikao Jumapili baada ya ibada.

Mpangaji, Tabata

Gari lako utalihamishia wapi sasa?

Mwanzisha mada

Sheli, kwa muda. Elfu mbili. Dereva wa Coaster anajua.

Halafu nisisahau. Ile Noah imerudi leo jioni. Imepaki vizuri, haijaziba kitu, na imewekwa karatasi kwenye dashibodi yenye namba ya simu kwa kalamu nyekundu. Nimeipiga kujaribu. Haipatikani.