Naomba ushauri: ninunue toleo lipi la The Last of the Mohicans?
Ndugu zangu, naombeni ushauri kabla sijaagiza diski ya The Last of the Mohicans, filamu ya Michael Mann ya mwaka 1992 inayosimulia mapenzi ya Hawkeye na Cora wakati Wafaransa walipoizingira ngome ya Waingereza ya William Henry mwaka 1757. Kinachonitatiza ni kwamba mwongozaji aliirudia kazi yake: toleo la sinema lina dakika 112, la DVD ya mwaka 1999 lina dakika 117, na la Blu-ray ya mwaka 2010 lina dakika 114.

Ninachokithamini kuliko vyote ni zile dakika za mwisho kule kwenye magenge, ambapo karibu hakuna anayesema neno na fidla ndiyo inayobeba uchungu wote. Nisingependa kuzikuta zimeguswa. Kwa mliotazama matoleo hayo, je, mabadiliko yake yanakoleza mapenzi ya wawili hao, au yanapunguza kasi ya hadithi?

Aidha, deki yangu ni ya eneo B (Blu-ray hufungiwa kwa maeneo ya dunia: B ni pamoja na Afrika na Ulaya, A ni pamoja na Marekani), hivyo naomba kuelekezwa namna ya kutambua, kabla ya kulipa, diski ya Marekani iliyofungiwa eneo A.