Tupeane uzoefu: meneja wa mtoto mwenye kipaji, ulimpataje na mliishiaje?

Mama Kihesa
Kamwene ndugu zangu. Jana nafua sare za mwanangu nikakuta kikadi mfukoni, kimelowa hadi wino umehamia kwenye shati. "Meneja wa Vipaji", jina la mtu na namba mbili za simu. Nikamkumbuka yule kaka wa siku ya mahafali ya darasa la saba. Mwanangu yuko la tano, ana miaka 11, ila ndiye aliyeongoza ngonjera, halafu akaimba peke yake. Si kwa sababu ni wangu, lakini watu walinyamaza hadi unasikia mabati yanavyolia kwa jua. Yule kaka akanifuata tunagawa pilau, eti mtoto ana sauti ya biashara. Anataka 150,000 ya fomu, picha na "kumuingiza kwenye mfumo", kisha atampeleka Dar kwenye usaili wa matangazo na muziki. Mkataba miaka mitano, nusu kwa nusu.

Baba yake anasema tuuze mbuzi tutoe. Mimi roho inasita. Mliopitia naomba mseme, hasa wa huku kwetu Iringa, Njombe na Mbeya. Wa Dar wana njia zao.

Mwana wa Sokomatola
Nusu kwa nusu na 150,000 juu? Huyo si meneja, huyo baba mkwe anadai mahari.

Mnyalu Mtulivu
Naweka kambi hapa. Nina binti wa miaka 8 anaigiza sauti za mtaa mzima, mwenyekiti akiwemo.

Fundi Kipaza
Nafunga spika na kurekodi hapa Mwanjelwa mwaka wa 14 huu, nimewaona hao wa vikadi. Meneja anayeijua kazi anakula pale mtoto anapokula: kazi ikilipa, anakata asilimia yake. Akidai hela kwanza, basi biashara yake ni kuuza fomu.

Picha piga mwenyewe. Saa nne asubuhi msimamishe karibu na dirisha, ukuta mtupu nyuma, moja ya uso, moja ya mwili mzima. Kisha video ya dakika moja, ajitaje jina na umri, aimbe bila biti. Usimpake poda wala kumvalisha suti, wanaotafuta watoto wa matangazo wanataka kumuona mtoto.

Na kuna hili linalowaumiza wengi. Malipo ya siku ya kurekodi ni kitu kimoja, malipo ya kuitumia sura au sauti yake ni kitu kingine. Uliza tangazo litatumika wapi na kwa muda gani, na iandikwe. Kuna mzazi wa Iyunga, mwanawe alirekodi tangazo la redio "la mwezi mmoja". Dogo ameshavunja sauti, ana ndevu, na tangazo bado tunalisikia kwenye daladala.

Baba Debora
Mpeleke kwaya. Kwaya haina fomu.

Binti Tukuyu
Kwaya haina fomu ila ina michango ya sare kila Pasaka. Au ya kwenu wanavaa vya nyumbani?

Baba Debora
Dada, mimi nimetoa ushauri tu.

Kijana wa Sai
Ya kwangu fupi. Meneja alitupa siku ya usaili na mahali, Sinza, Dar. Nikapanda gari la usiku na mdogo wangu, kipindi hicho ana miaka 12, anarap. Kwenye kona za mlima Kitonga akatapika kwenye kofia aliyonunuliwa kwa ajili ya usaili. Mbezi tunashuka asubuhi, simu haipatikani. Tukafika mahali penyewe: saluni ya kike, imefungwa. Tukakaa kibarazani hadi mwenye saluni akaja kufungua, akatuonea huruma akatununulia chapati. Akasema sisi ni wa nne mwezi ule.

Zilikuwa hela za kahawa ya mzee, zile. Hadi leo tukimpigia haulizi habari, anauliza "mmeshasaini?"

Mwana wa Sokomatola
Mzee ana kumbukumbu huyo 😂

Mama Tumaini
Nimesoma habari ya hicho kikadi nikaweka simu chini, nikaenda kuzima jiko, nikarudi. Ngoja niseme.

Binti yangu alianza kucheza ana miaka 8. Miguu yake ilikuwa inaongea. Akachaguliwa kwenye ngoma ya shule, wakaenda UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, hadi mkoa, na huko akaonwa na kijana mmoja mshereheshaji wa harusi. Hakudai fomu. Mpole, ananiita mama, akija nyumbani haji mikono mitupu, ana mkate. Akawa meneja. Asilimia 30 yake, 70 yetu, na tunzo zote zetu. Kwa vipimo vyenu vyote hapo juu, yule angefaulu.

Mwanzo harusi mbili kwa mwezi. Baadaye kila Jumamosi, na Ijumaa sendofu. Njombe, Mafinga, Ilembula, hadi Mbalizi huko. Nikamshonea gauni la vimetameta. Mimi kazi yangu ilikuwa beseni, lile la plastiki la bluu la kuoshea vyombo. Wageni wakimtunza noti zinadondoka, mimi naokota. Nilijifunza kuokota bila kuinama sana, nisionekane nina njaa.

Sasa mwezi wa saba, mnaujua upepo wa Makambako. Harusi ya mtu wa mbao, ukumbi umejaa. Tulipangiwa saa mbili usiku. Mgeni rasmi akachelewa. Saa tatu, saa nne, saa tano. Mtoto akalala nyuma ya spika juu ya makreti ya soda, nimemfunika kitenge na koti la DJ. Besi inapiga hadi chupa zinagongana chini yake, na yeye amelala. Saa sita imepita ndipo mgeni akaingia. Meneja akaja mbio: "Mama, muamshe, hawa ndio wenye hela." Nikamuamsha. Akaniambia, "Mama, miguu haipo." Nikajua ni maneno ya usingizi. Nikampaka mafuta usoni, nikamsukuma kidogo mgongoni.

Akacheza. Watu wakasimama, mzee mmoja akambandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, ikanata kwa yale mafuta. Akawa anacheza noti imemziba jicho moja. Halafu akasimama tu katikati ya ukumbi, muziki unaenda, nikaona soksi zake nyeupe zinabadilika rangi kuanzia juu kushuka. Alikuwa amejikojolea. Watu wakacheka. Si wote, ila walitosha. Meneja akasema kwenye kipaza, "Mtoto amefurahi kupita kiasi, mtunzeni!" Wakamtunza.

Mimi wakati huo nimeinama, naokota. Nyingine zilikuwa zimelowa. Nikaokota na hizo.

Hiki cha mwisho sijawahi kumwambia mtu. Usiku ule tuliondoka na tunzo za 186,000, meneja hakugusa hata mia. Binti ana miaka 15 sasa. Hachezi hata kanisani. Ukiwasha redio ndani anatoka kwenda kuangalia kuku.

Mnyalu Mtulivu
Aisee.

Mama Kihesa
Pole sana mama. Nimeisoma mara mbili.

Simba wa Uyole
Pole ya nini? Tusioneane haya hapa. Meneja amefanya kazi yake, hela ametoa. Mtoto anasema miguu haipo, mama mzazi anamsukuma. Mwenye kosa anajulikana.

Binti Tukuyu
Wewe mwenye kipimo cha makosa, wanao wanauza ndizi pale Uyole hadi saa ngapi?

Simba wa Uyole
Parachichi. Na ni mchana, baada ya shule. Usiniingilie nyumbani kwangu.

Binti Tukuyu
Si ndiyo unavyomwingilia mwenzio?

Mama Tumaini
Mwacheni. Hajasema kitu ambacho sijakiandika mwenyewe.

Mzee wa Busokelo
Vijana, punguzeni moto, nisikilizeni mimi niliyestaafu chaki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kazi anayoruhusiwa ni nyepesi, isiyomdhuru wala kumkwamisha shule, na ni kuanzia miaka 14. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa 12 asubuhi, hairuhusiwi. Hata mngefika kwa wakati pale Makambako, saa mbili yenyewe ilikuwa imeshavuka mstari.

Mkataba nao, akisaini mtoto mwenyewe ni karatasi ya kufungia vitumbua. Anayejifunga ni mzazi aliyeweka sahihi. Miaka mitano kwa mtoto wa miaka 11, ikiisha ana 16. Utakuwa umemuozesha sauti yake.

Simba wa Uyole
Kwa hiyo mzee na wanaoimba mkesha wa Krismasi wakamatwe?

Mzee wa Busokelo
Nimesema kazi. Umeona wapi mtoto ameajiriwa mkesha?

Baba Debora
Kwaya yetu watoto wanaimba kwanza, saa moja wanalazwa kwenye mikeka. Ndiyo maana nilisema kwaya.

Msomi wa Ilomba
Kilio hiki Marekani walishakilia. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921, aliingiza hela nyingi sana. Alipokuwa mtu mzima akazidai, akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitafuna. Akawashtaki mwaka 1938, na mwaka 1939 California wakatunga sheria inayoitwa kwa jina lake. Leo kule asilimia 15 ya kipato cha mtoto msanii inakwenda kwenye akaunti ambayo mzazi haigusi, anakuja kuichukua mwenyewe akifika 18.

Mwana wa Sokomatola
California iko kata gani?

Msomi wa Ilomba
Cheka, ila hata hapa benki zinafungua akaunti ya mtoto kwa cheti cha kuzaliwa. Kila kazi weka kidogo humo kabla hujafika dukani.

Fundi Kipaza
Hapo nakupinga kidogo. Nimeona wazazi wanaweka, shule zinafunguliwa wanatoa. Anayesaini kutoa si ni yuleyule?

Kijana wa Sai
Jamani, mtu aseme basi meneja mzuri anapatikana wapi, maana naona tunafukuza tu.

Binti Tukuyu
Anza na afisa utamaduni wa halmashauri yenu. Wa kwetu anajua nani amesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na nani anazunguka na kikadi. Nilimkuta anakula mahindi ya kuchoma ofisini, ila alinisaidia.

Simba wa Uyole
Meneja mzuri ni shangazi. Hana aibu ya kudai hela na mtoto akichoka anamvuta sikio MC.

Binti Tukuyu
Leo kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Fundi Kipaza
Mimi nilivyomuona anayefaa: kuna mama mmoja hapa mjini anasimamia watoto wanne. Muulize mzazi yeyote kati ya hao wanne, anakupa namba za wengine watatu. Yule wa kikadi muulize watoto anaowasimamia, uongee na mama zao. Akikupa majina ya wasanii wakubwa wa Dar badala ya namba ya mama wa mtu, funga mlango. Akimtungia mtoto wimbo au kumrekodi, ujue pia ni wa nani kabla haujaenda COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, kusajiliwa, usije ukakuta mtoto ni mgeni kwenye wimbo wake.

Konda Mstaafu
Samahani nawarudisha nyuma. Mama Tumaini, huo ukumbi ulikuwa upande wa reli? Harusi ya mtu wa mbao, keki umbo la lori?

Mama Tumaini
Ndiyo.

Konda Mstaafu
Nilikuwa meza ya kamati. Nilicheka. Nilidhani amemwagikiwa maji ya kunywa.

Mnyalu Mtulivu
…

Mama Tumaini
Keki nimeisahau. Yeye ndiye huwa anaitaja.

Mwana wa Sokomatola
Mimi leo sina utani tena, nipo.

Mama Kihesa
Nimerudi. Nimempigia yule kaka, nimeweka sauti kubwa baba mtu asikie. Nikamuuliza usajili wake, akasema cheti kiko Dar. Nikamuomba namba ya mama mmoja wa mtoto anayemsimamia, akasema hiyo ni siri ya ofisi. Kisha akasema kwa sababu mimi ni muelewa, fomu itakuwa 80,000 nikituma leo kabla ya saa kumi.

Mbuzi amebaki. Baba mtu amenuna kidogo, yuko nje anamkatia majani. Mtoto nimemuuliza mwenyewe anataka nini, akasema anataka kuimba na anataka pia kucheza mpira Jumamosi. Kesho naenda kwa huyo afisa utamaduni. Ndaga kwa wa Tukuyu, na Mama Tumaini nimekutumia ujumbe pembeni, ukipata nafasi usome.

Kamati Mafinga
Habari humu, nimeingia sasa hivi, uzi mrefu sijausoma wote. Mleta mada, huyo mtoto wa sauti bado yupo? Tuna sendofu hapa Mafinga mwezi wa kumi, tunahitaji mtoto wa kumkaribisha bibi harusi. Bajeti si mbaya na usafiri tunatoa.

Mama Kihesa
Anaimba saa ngapi?