Jeni za WRKY kwenye soya: mbona zangu zimepitiliza?

Mkunde_Moro: Wakuu, heshima kwenu. Niko kwenye tasnifu ya uzamili, nasaka familia nzima ya WRKY (jeni za protini zinazowasha na kuzima jeni nyingine) katika jenomu ya soya. Nimeshusha protini za Williams 82 (aina ya soya) kutoka Phytozome, hifadhidata ya jenomu za mimea, nikazipitisha kwenye HMMER (programu ya kusaka protini zinazofanana) kwa PF03106, kielelezo cha sehemu ya WRKY. Zimetoka karibu mara mbili ya zile za kwenye makala, na hizo makala zenyewe hazipatani! Msimamizi anataka jedwali Ijumaa. Hizi za ziada ni za nani?

BintiMaabara: Angalia mikia ya majina, mkuu. Ukiona .1.p, .2.p, .3.p kwenye namba ileile, hiyo ni jeni moja, mRNA yake imeungwa kwa namna tofauti. Shusha faili lenye primaryTranscriptOnly kwenye jina, limeshachujwa. Ila zitabaki nyingi tu. Arabidopsis (mmea mdogo wa majaribio) ina 70 na kitu, lakini jenomu ya soya ilijirudufu yote miaka takriban milioni 59 iliyopita, ikarudia tena milioni 13 iliyopita. Karibu robo tatu ya jeni zake zina nakala nyingine.

Mzee wa Jeli: Makala hazipatani kwa sababu ya matoleo ya jenomu. Lile la 2010 liliandika Glyma01g…, ya baadaye yanaandika Glyma.01G…, na mipaka ya jeni ilibadilishwa. Ukichanganya majina, jeni moja unaihesabu mara mbili. Halafu usiiachie kompyuta kila kitu. Fungua mpangilio wa protini zako zikiwa sambamba, uitafute WRKYGQK (herufi za asidi amino zinazoitambulisha familia) kwa macho, kisha kidole cha zinki (kipande cha protini kinachoshika zinki) mbele yake. Zenye WRKYGKK usitupe, ni ndugu halali. Mimi nikipitia makala ya namna hii, hesabu hainibabaishi. Nataka kuona jeni zipi zinaongeza kazi kwenye mzizi ukikosa maji. Vijana mnachora miti ya ukoo mizuri, qPCR (kipimo cha jeni inavyofanya kazi) hakuna.

Mkunde_Moro: Asanteni. Nimechuja, zimebaki 180 na ushee. Moja haina kidole cha zinki kabisa. Niifute?

Mzee wa Jeli: Subiri. Ifungue kwenye kivinjari cha jenomu, uone kama RNA-seq (usomaji wa RNA za mmea) inaendelea kupita pale jeni ilipoishia. Huenda programu iliikata mapema. Kama haiendelei, iweke kwenye jedwali la pembeni na uandike kigezo chako.

BintiMaabara: Na qPCR usisahau, ameshakuonya 😂