Mchezaji aliyeokoka akiambiwa anawe dawa ya timu, akubali au agome?

Wadau wa soka Mbeya na Iringa, tuliongee hili wazi maana kila mtu analijua ila linaishia vijiweni. Hapa Mwanjelwa kuna dogo kipa wa timu ya ndondo, ameokoka, asubuhi ya mechi wanatoka kambini wakakuta ndoo ya maji yenye majani mlangoni, mzee wa timu akasema kila mtu anawe uso halafu atoke kinyumenyume. Dogo akasema shikamoo mzee, mimi naomba unisamehe, hiyo siwezi. Akapigwa benchi, timu ikafungwa, sasa mtaa mzima unasema yeye ndo kaleta nuksi.

Wanaomlaumu wanasema maji ni maji tu, kama huyaamini yatakufanya nini, na wengine wanamleta hadi Paulo, 1 Wakorintho 8, kwamba sanamu si kitu. Sawa, ila msiishie hapo, sogeeni sura ya 10, huyohuyo Paulo anasema ukiambiwa kitu hiki kimetolewa sadaka, usile. Dogo aliambiwa. Mzee alitamka kabisa yale maji yametoka kwa mganga na ni ya kazi gani, hapo kunawa ni kukubali.

Mimi nasimama na dogo, na lawama zangu nazipeleka kwa makocha waliookoka. Jumapili kocha yuko kwaya, siku ya mechi anaangalia pembeni wakati kamati ya ufundi, yaani wale wanaoshughulikia mambo ya mganga, inawarusha vijana ukuta wasipite getini kwa imani hizohizo, jambo ambalo hata Ligi Kuu timu zimeshapigwa faini kwa kupita mlango usio rasmi. Kijana anayetegemea posho atagomaje kama kocha wake mwenyewe kanyamaza?

Na wachungaji wanaosema basi aache mpira siwaelewi kabisa. Eric Liddell, Mskoti, Olimpiki ya Paris 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, lakini riadha hakuacha, alisema msimamo wake miezi kabla, akajifua mita 400 na akabeba dhahabu kwa sekunde 47.6. Vijana wetu nao waseme mapema hivyohivyo, siku unayoenda kusajiliwa mwambie kocha dawa sigusi ila mazoezini nitakuwa wa kwanza kufika, usisubiri mpaka ndoo iko mlangoni watu wanakutazama.

Haki iende pande zote lakini, kocha mlokole anayemlazimisha mchezaji Muislamu aombe kwa jina la Yesu kwenye duara naye anakosea vilevile, kijana wa watu anabaki ameinamisha kichwa anaogopa kupoteza namba.

Sasa nyie mnaosema dogo angenawa tu yaishe, nijibuni: mzee akija mechi ijayo na wembe anataka kumchanja chale, atakataa kwa hoja gani?