Kigari cha mbao mbele ya feni: kinasema kweli?

Fundi_UngaLtd: Wakuu, nina gereji Unga Limited hapa Arusha. Subaru ya rali ya mteja nimeichonga kwa mbao, moja ya kumi, nikabandika nyuzi za sufi zionyeshe hewa inavyopita, na kuiweka mbele ya feni kubwa. Nyuzi za bawa la nyuma zinacheza ovyo. Gari lenyewe litakuwa hivyo hivyo?

Babu_Upepo: Usikiamini hicho kigari, mjukuu. Gari umelipunguza, hewa hukuipunguza. Iko namba ya Reynolds: kasi mara urefu, gawa kwa mnato wa hewa. Lazima ilingane kwenye kigari na kwenye gari, ndipo hewa ipite vilevile. Urefu ukishuka mara kumi, kasi ipande mara kumi. Kuiga kilomita 100 kwa saa, feni yako itoe 1,000! Hapo unaikaribia kasi ya sauti, hewa inaanza kushindiliana, mambo mengine kabisa. Timu za mbio za Formula 1, kwenye majaribio yao ya upepo, wanaruhusiwa modeli ya asilimia 60 ya gari, upepo mita 50 kwa sekunde. Piga hesabu: ni sawa na gari halisi la kilomita 108 tu.

Dada_wa_Moshi: Na sakafu je? Kwao ni mkanda unaokimbia chini ya matairi, kwa kasi ileile ya upepo. Wewe umeweka mezani.

Fundi_UngaLtd: Mezani kweli, tena ya mama ntilie. Kwa hiyo nikitupe?

Babu_Upepo: Aka! Mpe mtoto achezee. Nyuzi bandika kwenye gari lenyewe, mwenzio awe gari la pembeni anarekodi. Nendeni alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Fundi_UngaLtd: Asante Babu. Mteja nitamwambia nini sasa, nimeshamtumia picha za feni.